Jipu Halianzi kwenye Damu

Mhadhara kwa wananchi, Tanga, msimu wa maembe



Nianze na maembe. Kila mwaka Desemba ikifika, maembe yakijaa kando ya barabara, majipu nayo huongezeka, na kila mwaka embe ndilo linalohukumiwa. Mtoto akitoka jipu pajani, bibi atasema: si nilikukataza? Wengine huongeza kwamba embe lina joto, linachemsha damu, na damu ikichafuka hutafuta pa kutokea. Macho ya bibi hayakumdanganya, kwa kuwa msimu huo majipu huwa mengi kweli. Lakini embe halikuja peke yake. Limekuja na jua kali, jasho, harara ya shingoni na mgongoni, mbu wa usiku, na mtoto anayejikuna mpaka asubuhi kwa kucha ambazo mchana zilikuwa mchangani. Ngozi yake imechubuka mahali pengi asipopaona yeye wala mama yake. Utomvu wa embe huwasha midomo ya watu wengine na kuwatoa vipele, hilo sibishi. Jipu la tako halijaletwa na utomvu.

Ninachotaka tuelewane leo ni hiki: jipu la kawaida halianzi kwenye damu likatafuta njia ya kutoka. Linaanza juu ya ngozi, likaingia ndani. Mkilikubali hilo, mengi tunayoyafanya tukiona jipu itabidi tuyatazame upya: dawa za kusafisha damu, sindano tunazomdai muuguzi, vidonge vya rangi mbili, na kile kidole gumba kisichoweza kuliona jipu kikatulia.

Aliyelijua hili mapema alikuwa mpasuaji wa Aberdeen, huko Scotland, Alexander Ogston. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya walikuwa wakifurahi kuuona usaha, wakiamini ni dalili ya kidonda kuelekea kupona. Mwaka 1880 Ogston alichukua usaha wa jipu la mgonjwa wake, akautia rangi, akautazama kwa hadubini. Akakuta vijidudu vya mviringo vimeshikana vichala vichala, mfano wa zabibu. Akavikuza ndani ya mayai ya kuku, akaviingiza kwa wanyama, nao wakatoka majipu. Mwaka 1882 akavipa jina Staphylococcus. Sisi tuseme stafilokoka. Aliona na jambo jingine: majipu yenye moto na maumivu yalikuwa na vijidudu hivyo, bali yale yaliyoitwa majipu baridi, yanayovimba taratibu bila kuuma, hayakuwa navyo. Hayo baridi nitayarudia.

Stafilokoka hawa wanakaa wapi siku zote? Puani. Karibu watu watatu kati ya kumi wanao ndani ya pua zao bila kuumwa chochote. Angalieni mlivyokaa humu. Safu moja ya viti vyenu inatosha kuwa na kadhaa. Si uchafu, na wala anayeoga mara tatu kwa siku hajasalimika. Mtu hujishika pua, kisha hujikuna shingo. Kijidudu hupata shina la nywele lililochubuliwa na wembe, na ukosi wa shati, na kiti cha pikipiki. Ndiyo maana majipu hupenda shingo, kwapa, mapaja na makalio: ni mahali penye nywele, jasho na msuguano. Kijana wa bodaboda anayeshinda juu ya kiti cha plastiki tangu alfajiri hahitaji kurogwa ili atoke jipu la tako.

Kinachofuata ndani ya ngozi kinahitaji subira kidogo, maana hapo ndipo tiba yote inapotegemea. Kijidudu kikishaingia, mwili hutuma chembe nyeupe za damu kukila. Nyingi hufia hapohapo. Mizoga yao, vijidudu vilivyo hai na vilivyokufa, na nyama iliyoyeyushwa katika mapigano hayo, vikichanganyika ndio usaha. Stafilokoka naye si mjinga. Ana kemikali inayogandisha majimaji ya damu, na kwa hiyo hujijengea utando wa kujificha. Aina nyingine wana sumu ya kuua chembe nyeupe zenyewe; aina hizo zimeonekana mara nyingi katika tafiti za Afrika, na majipu yao huwa makubwa na makali. Mwili nao, kwa upande wake, hujenga ukuta kuzunguka uwanja huo ili ubaya usisambae. Kwa hiyo jipu lililoiva ni chumba kilichofungwa. Ndani yake hakuna mshipa wa damu unaopita.

Sasa fikirini kapsuli mliyomeza. Dawa husafiri kwa damu. Inafika ukutani, na huko ndani inaingia kidogo sana. Mgonjwa anamaliza dozi, jipu liko palepale limezidi kung'aa, naye analalamika kwamba siku hizi dawa ni feki. Mara nyingi dawa ni nzuri tu, imekosa mlango.

Hili limepimwa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 1,200 waliopasuliwa majipu. Nusu walipewa dawa ambayo sisi tunaiita Septrini, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani, bila wao kujua nani kapata nini. Waliopewa dawa walipona kwa asilimia 80.5. Waliopewa vidonge vitupu walipona kwa asilimia 73.6. Mimi huzisoma namba hizo kwa macho mawili. Dawa ilisaidia, na daktari akikuandikia baada ya kukupasua usimbishie. Lakini zaidi ya saba kati ya kumi walipona kwa sababu usaha ulitolewa, basi.

Na kama dawa inahitajika, si kila dawa. Stafilokoka wengi wana kimeng'enya kinachokata penisilini vipande. Wanasayansi wa Oxford walikieleza kimeng'enya cha namna hiyo mwaka 1940, kabla penisilini yenyewe haijafika hospitalini. Amoksilini ni ndugu wa penisilini na hukatwa vivyo hivyo. Mwaka 1961 huko Uingereza wakaripotiwa stafilokoka waliokwisha kuishinda hata methisilini, dawa iliyotengenezwa makusudi kukikwepa kimeng'enya hicho, na ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kwa hiyo mnaponunua vidonge vitatu vya rangi mbili dukani, viwili mkameza na kimoja mkakifungua kunyunyiza unga juu ya kidonda, mnaharibu fedha na mnawafunza wadudu. Nasema hivi bila kuwachukia wenye maduka ya dawa. Mteja amekuja na shilingi elfu moja na neno moja, “antibiotiki”, afanyeje?

Tiba ya kwanza ya jipu ni joto. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unayastahimili, kikamue, kiweke juu ya jipu dakika kumi hadi kumi na tano, na kikipoa ukichovye tena. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku. Joto hupanua mishipa midogo ya damu kuzunguka jipu, chembe nyeupe huja kwa wingi, maumivu hulegea, na ngozi ya juu hulainika mpaka jipu lenyewe linapata mdomo. Madogo mengi hupasuka yenyewe baada ya siku kadhaa. Kwa mtoto, jaribu maji kwanza upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako wewe. Nimeona mtoto aliyeletwa kwa jipu akalazwa kwa kuungua.

Mtaniuliza kuhusu ugali wa moto, kitunguu cha kuchoma, sabuni ya mche na sukari. Ugali wa moto uliofungwa kwenye kitambaa ni joto, na joto ni dawa. Bibi aliyeuweka alikuwa anatibu vizuri kuliko mjukuu aliyekimbilia kapsuli. Kitunguu pia ni joto lenye harufu. Sukari huvuta maji kutoka kwenye nyama na asali hufanya hivyo pia. Haviniudhi vikiwekwa juu ya ngozi isiyopasuka. Mafuta ya breki, mafuta ya taa, maji ya betri na dawa ya mswaki, hapana. Mwarobaini wa kunywa hautafika ndani ya ule ukuta kwa sababu ileile iliyoizuia kapsuli.

Kisha kile kidole gumba. Tangu Rais John Magufuli alipoingia madarakani Novemba 2015, Watanzania tumekuwa mabingwa wa kutumbua majipu kwa maneno, na huko kwenye siasa mimi si mtaalamu. Kwenye ngozi, mwenye jipu asilitumbue mwenyewe. Ukilikamua kabla halijaiva, ukuta ule hupasuka kwa ndani, na usaha hukimbilia kwenye nyama nzima au kwenye mshipa. Jipu la puani, la mdomo wa juu au la pembeni mwa pua lina hatari ya peke yake: mishipa ya eneo hilo ina njia ya kurudisha damu karibu na ubongo. Ni nadra vijidudu kupita huko, lakini anayepitiwa nao hupata homa, jicho hutoka nje na kuvimba, na maisha yake huwa mashakani. Hapo usiguse hata kwa kioo kizuri kiasi gani. Sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye kiberiti nayo haitoshi.

Likishaiva na halijapasuka, au likiwa kubwa, nenda kituo cha afya likafunguliwe. Watu wengi huogopa kisu kwa sababu ya yale waliyosimuliwa, na sitawadanganya kwamba hamtasikia kitu: ganzi hufanya kazi vibaya kwenye nyama yenye usaha, kwani pana uchachu unaoidhoofisha. Mhudumu mzuri huchoma ganzi kuzunguka jipu, husubiri, ndipo hupasua kwa urefu wa kutosha. Kisha huingiza kifaa au kidole chenye glavu kuvunja vyumba vidogo vya ndani, maana jipu kubwa lina vyumba, na ukifungua kimoja ukaviacha vingine utarudi baada ya wiki. Husafisha kwa maji ya chumvi, na pengine huacha utambi wa gozi ili mlango usifunge mapema. Kidonda kinatakiwa kijae kutoka chini kuja juu. Wengi hushangaa jinsi maumivu ya siku tano yanavyoshuka kabla hawajatoka mezani.

Hapa pana imani moja inayoua. Katika mikoa mingi yetu watu husema kuna jipu la ndani, tambazi, ambalo mgonjwa akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo hospitali si mahali pake. Uvimbe wa ndani ya msuli upo kweli. Ni stafilokoka huyohuyo aliyefika kwenye nyama ya paja, ya tako au ya bega, na safari hii kweli kapita kwenye damu. Nchi za joto, Uganda ikiwa miongoni mwazo, zimeandikwa sana katika vitabu vya tiba kwa ugonjwa huu. Unaanza kama maumivu ya msuli na homa, ngozi ya juu haionyeshi kitu, mgonjwa anadhani alibeba mzigo vibaya. Wiki moja au mbili baadaye msuli umekuwa mgumu na ndani yake kuna usaha wa kujaza bakuli. Anayekaa nyumbani akikandwa na kuchuliwa kwa kuogopa sindano huletwa hospitali sumu imeshatapakaa, anapewa sindano, anafariki usiku, na imani inapata ushahidi mwingine. Sindano imefika ikiwa imechelewa. Huyu mtu anahitaji kupasuliwa na anahitaji dawa za kupitia mshipani, vyote viwili, na mapema.

Yapo pia yanayofanana na jipu na si jipu. Kwa wenzetu wafugaji wa Arusha, Kilimanjaro na Ngorongoro, kidonda kilichoanza kama kipele, kikavimba sana pembeni, katikati kikawa cheusi na hakiumi, kwa mtu aliyechuna au kula nyama ya kibudu, mkifikirie kimeta. Hicho hakipasuliwi, kinahitaji dawa siku hiyohiyo, na ofisa mifugo aambiwe. Kichwani mwa mtoto mwenye mapunye huweza kutokea uvimbe laini unaotoa usaha huku nywele zikinyonyoka. Kisu hakiusaidii, ni fangasi, na dawa yake ni ya kumeza kwa wiki kadhaa. Uvimbe wa shingoni unaokua kwa miezi bila moto wala maumivu ndio lile jipu baridi la Ogston. Leo tunajua mengi ya namna hiyo ni kifua kikuu cha tezi, na kipimo na dawa zake ni bure. Na yule mama ambaye mwanawe ametoka kijipu begani wiki chache baada ya chanjo ya kifua kikuu aliyopewa alipozaliwa, akiache bila kukikamua wala kukipaka kitu. Chanjo inafanya kazi yake, na kovu ndilo litakalobaki.

Mwingine wa kundi hili anastahili nafasi zaidi, kwa kuwa watu huja wakiwa na hofu ya uchawi. Kuna inzi wa rangi ya manjano-kahawia, Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa kivulini zikabaki na unyevu. Lava hutoka kwenye yai, husubiri joto la ngozi, na ukivaa nguo ile huingia bila wewe kuhisi. Siku chache baadaye una majipu mgongoni au kiunoni, pale nguo inapobana, kila moja na kitundu katikati, na usiku unahisi kitu kinachezacheza ndani. Kweli kinacheza. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu ukizibe. Lava hupumulia hapo, akikosa hewa hujitokeza, ndipo atolewe kwa kibano akiwa mzima. Kuzuia ni kuanika nguo juani kwenye kamba, si juu ya majani, na kupiga pasi hadi kwenye mishono. Nepi za mtoto na chupi msizisahau. Mama aliyekuwa akipiga pasi kila kitu hadi vitambaa vya kichanga hakuwa na maringo.

Kwa mama anayenyonyesha nitasema kwa uwazi, kwa sababu aibu huchelewesha watu. Titi likiwa jekundu, gumu na lenye homa, maziwa yasiachwe yajae. Endelea kunyonyesha, hata titi lenyewe hilo ikiwa maumivu yanaruhusu. Likiuma mno, kamua kwa mkono. Maziwa hayajawa sumu. Usaha ukishakusanyika, siku hizi mara nyingi huvutwa kwa sindano kubwa badala ya kupasua, hasa mahali penye mashine ya ultrasaundi.

Zimebaki zile familia ambazo jipu halihami. Leo la baba, wiki ijayo la mtoto wa tatu, baada ya Idi la dada. Wanahamia kwa mganga, wanahamia nyumba. Taulo hawalihami: ni moja kwa watu wanne, na mswaki wa kusugulia mgongo ni mmoja pia. Kila mkazi wa nyumba hiyo amebeba stafilokoka yuleyule, na ukimtibu mmoja anampata tena kutoka kwa jirani yake wa kitandani. Hapo tunatibu nyumba nzima kwa wakati mmoja: marhamu ya mupirosini puani mara mbili kwa siku kwa siku tano, kuoga kwa sabuni ya dawa, kila mtu na taulo lake, mashuka kufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kucha fupi. Wembe hauazimwi. Kinyozi asiyesafisha mashine kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa, mwambieni au mhameni. Wazazi wa watoto wa bweni, wapeni mataulo mawili, maana la kwanza litaazimwa wiki ya kwanza.

Kuna majipu ya kwapani na kinenani yanayorudi mwaka baada ya mwaka mahali palepale, yakiacha makovu na vijitundu vinavyochuruzika. Hayo ni ugonjwa mwingine wa vinyweleo, hauambukizi, si uchafu, na una matibabu yake kwa daktari wa ngozi. Wazee mliosoma siasa enzi za Ujamaa mtapenda kujua kwamba Karl Marx aliteswa na majipu miaka yote aliyokuwa akiandika Kapitali, akawa anamlalamikia Engels kwa barua kwamba hawezi hata kukaa; mwaka 2007 daktari mmoja wa ngozi wa Uingereza, Sam Shuster, alieleza kwamba dalili zake zinaafiki ugonjwa huu hasa. Marx alijitibu kwa aseniki, na safari moja alilikata jipu lake mwenyewe kwa wembe. Msimwige katika hilo.

Mtu mzima anayetoka jipu baada ya jipu, akienda haja ndogo mara kwa mara usiku na kiu haimwishi, ana sababu ya kupimwa sukari kabla ya kutafuta mchawi. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe huwa nzito, na jipu dogo hugeuka la shingo nzima lenye midomo mingi. Nimekutana na wagonjwa wa kisukari wengi ambao ugonjwa wao uligunduliwa siku waliyokuja kupasuliwa jipu. Kipimo cha VVU nacho kifanyike hapohapo, kwa sababu ileile ya kinga. Na yeyote mwenye jipu na homa ya kutetemeka, au mistari myekundu inayopanda kutoka kwenye uvimbe, au jipu karibu na njia ya haja kubwa, au kichanga chini ya miezi miwili mwenye jipu lolote, asikae na kitambaa cha moto nyumbani akihesabu siku.

Muuguzi wetu yuko pale mlangoni na mashine ya sukari na boksi la vijiti. Ambao majipu yamewarudia mwaka huu waanze kwenye foleni yake, wengine tubaki kwa maswali. Nimeuona mkono wa mzee wa safu ya nyuma tangu nilipotaja maembe, karibu, mzee.